Mboga ya Mama Elia

Maganda makavu ya marejea ya porini, yale ya maua ya njano, yakipigwa na upepo hulia kama kayamba. Wajukuu hufurahi wakiyasikia. Mimi huyang'oa.

Mama Elia, mtu wa Mara, alikuwa mke wa baba yangu mdogo. Walikutana kwenye mashamba ya mkonge huko chini, akamleta kwetu milimani, Bombo. Mwaka mmoja mvua ilikataa, mahindi yakakauka yangali machanga. Yeye akaona maua ya njano bondeni, akafurahi: mboga ya kwao ile. Akaikatakata, akaipika, akaichanganya na maziwa. Ilikuwa chungu, harufu yake nzito. Tukaikataa.

"Wapare, na njaa hii bado mnachagua?" alitutania.

"Sisi tumezoea mnavu," bibi akamjibu. "Kula na mwanao."

Basi wakala, yeye na Elia, aliyekuwa ameachishwa ziwa juzijuzi tu. Ikawa ndiyo mboga yao kila siku. Elia akavimba tumbo, likakaza kama ngoma, miguu ikabaki vijiti. Tukamzika nyuma ya migomba.

Majirani wakaanza maneno. Mgeni amemla mwanawe, wakasema. Kisimani wakawa wanamkwepa. Mwishowe hata baba mdogo akamwambia afungashe vitu vyake arudi kwao.

Siku ile bibi alishuka bondeni, akarudi na mashina mawili, akawaita majirani uani. Yote yalikuwa na maua ya njano.

"Acheni maua, tazameni majani," alisema. "Hili lina matatu matatu kwenye kikonyo kimoja. Hili linaliwa, ndilo la kwao. Na hili, jani moja moja. Mbuzi akilila hukonda mpaka afe; mtu mzima huweza kulistahimili, mtoto mdogo hawezi. Ndilo lililojaa bondeni, ndilo alilochuma. Huyu si mchawi. Alikosea mboga."

Watu wakaondoka wameinamisha vichwa. Mimi nikaona bibi ameshinda. Mama Elia alikuwa ameyashika yale mashina, anayagusa majani kwa kidole.

"Mama," akamwambia bibi taratibu, "si ungewaacha tu waniite mchawi."

Hakufukuzwa. Alizeekea kwetu, na mboga ya majani hakuionja tena. Nilimwona hana shukrani. Nilipozaa mwenyewe ndipo nikaelewa. Uchawi angeukana, akalala usingizi. Mkono uliomlisha Elia angeukana vipi?