Nilivyokipeleka Kishikwambi Juani

Mimi kusoma nilijifunza nikiwa tayari na watoto wanne, katika darasa la watu wazima, nikiishika chaki kama mtu aliyepewa nge. Utotoni nilichunga, na ng'ombe hawamuulizi mtu herufi. Nalitanguliza hili ili ujue kwa nini siiachi kirahisi kazi yangu ya Alhamisi. Siku hiyo jumuiya yetu ya hapa Kongwa hukusanyika uani kwa mmoja wetu, na msomaji wa Neno ni mimi. Waliosoma kunizidi wapo. Yupo mama mmoja, mwalimu mstaafu, mtani wangu, ambaye kila wiki huniuliza kama macho yangu bado yapo nyumbani au yameshahama.

Nasomea kwenye kishikwambi. Aliniletea binti yangu anayefanya kazi ofisini Dodoma mjini, yapata miaka minne sasa, kwa kuwa kinakuza herufi mpaka zinalingana na kwato. Lakini mwaka huu maneno yakaanza kufifia, kama yameandikwa juu ya uji. Ukikigusa hakisikii, mpaka ukibonyeze kama unamkamua ng'ombe aliyebana maziwa.

Sasa niseme jambo ambalo wenzangu sikuwaambia. Mstari nisiouona nilikuwa naujazia kutoka kichwani. Mahubiri nimeyasikia miaka mingi, najua habari zinavyokwenda. Wiki moja nilimtia punda katika safari ambayo, nilipokuja kuuliza pembeni, haina punda hata mmoja. Hapo nikaogopa. Nikaona kazi inanitoka.

Binti yangu akasema kwenye simu kwamba kile kimezeeka, toleo jipya limetoka, niende mjini tubadilishe. Nikamuuliza jipya lina nini. Akasema lina kasi. Nikamuuliza kasi ya kwenda wapi, akacheka. Basi nikaenda, nusu kwa shida yangu, nusu kwa kutaka kuiona hiyo kasi.

Duka lenyewe liko Majengo, limepakana na mwenye magunia ya mahindi. Dada muuzaji akaniamkia, nikaitikia, akaniwekea kile kipya mkononi. Chembamba, unaogopa hata kukipumulia. Ukigusa tu kimeshafika. Nilifungua na kufunga mpaka binti yangu akaanza kutazama saa.

Lakini mimi ni mtu wa mnadani. Dume halinunuliwi likiwa kivulini. Linatolewa, linatembezwa, linafunuliwa mdomo. Marehemu baba aliwahi kununua moja kivulini, kumbe jicho moja halioni. Tuliishi nalo miaka, likitembea limeegemea ubavu wa ng'ombe mwenzake, na ajabu, mtoni lilikuwa la kwanza kufika. Sijui lilifikaje. Hata leo huwa najiuliza.

Basi nikaomba tuvitoe vyote viwili juani, maana uani kwa watu ndiko ninakosomea.

"Baba, hapa si mnadani," binti yangu akaninong'oneza.

Tukaviweka juu ya gunia la jirani. Kwenye kipya nikauona uso wangu, na wingu, na kofia ya mwenye mahindi. Nilipokikinga kwa kiganja, maneno yakajitokeza, meusi, mazuri. Kwenye cha zamani, uji uleule.

Dada muuzaji akakichukua cha zamani, akakiinamisha huku na huku, akakwangua pembe kwa ukucha.

"Mzee, hii nailoni ya dukani hukuitoa?"

Nikamwambia sikuitoa, na wajukuu niliwakataza wasiiguse. Kwetu kitu chenye nailoni ni kipya bado. Makochi yangu yanayo mpaka leo, mgeni akiinuka wakati wa joto unasikia anabanduka. Akaomba ruhusa aitoe. Nikaruhusu, huku roho inaniuma kama naona mbuzi wangu anachunwa angali hai. Ikabanduka nzima, njano, na vumbi na mafuta ya vidole vya miaka minne. Chini yake maneno yalikuwepo, yamekaa yakinisubiri.

Binti yangu akasema hata hivyo kipya ni bora, na cha zamani chaji hakikai nayo. Ni kweli, sikubisha. Ila sura moja ya Neno haimalizi chaji ya mtu. Kipya tukakirudisha ndani, changu nikakifunga kwenye kitambaa. Tulipofika mlangoni nikarudi kukigusa kile kipya mara moja tena, nione kama kasi bado ipo. Ilikuwepo.

Alhamisi nikasoma sura nzima, polepole, bila kuongeza. Watu walipokuwa wakikunja mikeka, mtani wangu akanisogelea.

"Mzee, leo umesoma yaliyoandikwa," akasema. Akachukua kiti chake, akapiga hatua mbili, akageuka. "Ila yule punda wako tumemkosa."