Mkuki wa Kulamba

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka shuleni akiimba kiapo cha utii kwa taifa, anacheka. Mimi nilikasirika. Najua kiapo kilivyoharibiwa, na nani alikiharibu.

Kwetu kaskazini watu waliapa kwa kulamba ncha ya mkuki, tena pale tu damu ilipomwagika kati ya koo mbili. Anayedanganya hufa. Baba yangu, dereva wa lori la serikali, ndiye aliyewatunzia watu wa kwetu mkuki huo, hapo chumbani mwetu Kyebando, mtaa wa jiji kuu walikohamia.

Alasiri moja, nikiwa mtoto, askari walikuja kuwaapisha wafanyakazi wa serikali utii kwa Rais. Mkubwa wao alikuwa mtu wa kwetu, alijua Biblia haitutishi.

"Mzee, toa ule mkuki. Lamba, useme unampenda Rais."

Chuma kilinuka mafuta ya simsim. Jana yake nilimsikia baba akimwita Rais muuaji, basi nikajua akilamba atakufa. Nikamvuta suruali.

"Baba, usilambe. Wewe humpendi."

Buti zote zikatulia.

"Mtoto anasema nini?"

"Ana homa, afande. Anaweweseka."

"Basi apa na hilo pia."

Baba alilamba mara mbili, uongo wa pili kwa ajili yangu. Mbwa wale wakaondoka wakicheka.

Nilikaa miguuni pake nikingoja afe. Hakufa, alizeeka kabisa. Lakini watu wa kwetu walipogombana tena wakaja kuomba mkuki, aliwazuia mlangoni.

"Nendeni polisi," aliwaambia. "Huu umebaki wa kuchimbia mihogo."