Vitabu vya Mama na Msimu wa Mfilisi

Mbegu za pamba zikirundikwa juani kwa wiki mbili hutoa harufu nzito, nusu mafuta nusu majani makavu, inayoingia kwenye nguo, kwenye unga, hata kwenye maziwa. Nilikulia ndani ya harufu hiyo. Tuliishi kwenye kota za jineri, kiwanda cha kuchambua pamba cha chama cha ushirika pale Bariadi, na mashine zilipowashwa mwezi wa saba ardhi ilitetemeka kidogo kutwa nzima, hata maji ya mtungini yakawa na viduara. Vumbi jeupe lilitua juu ya vikombe na juu ya nywele za mama akirudi kutoka kazini. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi, niko darasa la nne, na mngurumo ule ulikuwa umeanza kukatika. Siku mbili unasikika, siku nne kimya. Serikali ilikuwa imeruhusu wanunuzi binafsi. Malori yao yalifika mpaka kijijini Nkololo, wakapima pamba palepale shambani, na mkulima aliyekuwa bado anasubiri malipo ya ushirika ya msimu uliopita hakuona kwa nini asubiri tena. Mbuzi wakaanza kulala kwenye yadi ya marobota. Kisha akaja mfilisi.

Neno lenyewe lilitutisha kabla ya mtu. Tulidhani mfilisi ni yule anayeingia nyumbani kwako ukatoka huna kitu. Alipokuja tukamwona mtu wa makamo, mwenye sauti ya chini, amevaa kaunda suti ya kijivu na kushika ubao wa kuandikia. Alitumwa kuhesabu mali zote za ushirika ili ziuzwe. Alihesabu mizani, viti, balbu, na kila alichokihesabu msaidizi wake alikiandika namba kwa rangi nyeupe. Hata mlango wetu ulipata namba. Wiki ya pili ikagundulika kwamba mota moja ya umeme haionekani, na vitabu vya stoo vilionyesha ipo. Karani wa stoo ya vipuri alikuwa mama yangu. Hakuna aliyemwita mwizi. Ila wanawake waliokuwa wakipitia kwetu asubuhi kuamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama, walianza kupitia njia ya nyuma.

Sasa niseme kuhusu vitabu. Miaka kadhaa kabla ya hapo meneja wa zamani aliamua kwamba nyumba moja ya tangu enzi za mkoloni, walimokuwa wakistarehe mainjinia wa Kizungu, iwe ghala la dawa za kunyunyizia pamba. Ndani mlikuwa na boksi la vitabu. Meneja akamwambia mama, "Chukua haya makaratasi kabla mchwa hawajamaliza." Mama akachukua. Vilikuwa vitabu tisa vya michezo ya kuigiza ya Kiingereza, vya zamani kuliko mtu yeyote tuliyemjua, majalada ya ngozi iliyopasuka kama kisigino wakati wa kiangazi. Baadhi vilichapwa zaidi ya miaka mia mbili nyuma. Mama alikuwa amesoma shule ya masista, na huko aliwahi kuigiza mfalme, kwa kuwa wavulana hawakuwapo. Nadhani hakuwahi kuvua lile taji. Tangu alipopata vile tisa, alianza kutafuta vingine kama watu wa kwetu wanavyotafuta mitamba mizuri. Padre mmoja aliyekuwa anarudi kwao alimpa vinne. Kimoja alikikuta kwenye gulio kimewekwa chini ya mguu wa meza ili meza isicheze. Akampa mwenye meza kipande cha tofali, akaondoka na kitabu. Vikafika kumi na vinne. Alivifunga kwenye vitenge chakavu, akaweka majani ya mwarobaini katikati, na jioni moja moja alifungua kimoja, akasoma kwa sauti ya kifalme huku ugali ukingoja.

Vile vya zamani zaidi vilikuwa na ajabu moja. Herufi s, isipokuwa mwishoni mwa neno, ilichapwa ndefu, ikafanana kabisa na f. Nilipouliza, mama alicheka. "Hiyo si f. Ni s iliyovaa kanzu." Nikaipenda herufi ile kuliko zote. Niliona ni siri yetu wawili, nikaizoea mpaka mkono wangu ukawa unaiandika bila kuniuliza. Siku ya jaribio la Kiingereza nikaiandika kila mahali. Mwalimu Stella, aliyetufundisha, alirudisha madaftari na langu akabaki nalo. Akaniita mbele. "Milembe, huu ni uandishi wa wapi?" Ningeweza kusema nimekosea. Lakini darasa zima lilikuwa linanitazama, na mimi nilikuwa mtoto wa mfalme. Nikajibu kwa sauti kwamba ndivyo vitabu vya zamani vilivyoandikwa, na kwamba mama anavyo vingi, vya kutoka jineri. Wazee walisema ulimi hauna mfupa. Wangu siku ile haukuwa hata na nyama. Aliyekaa dawati moja nami aliitwa Hoka, rafiki yangu, na baba yake ndiye yule msaidizi wa mfilisi, mwenye kopo la rangi nyeupe.

Hoka hakuwa na ubaya. Alifika nyumbani akasimulia, kama mimi ningesimulia. Siku iliyofuata, Alhamisi, mlinzi wa getini, Mzee Masanja, alipita kwetu jioni akasimama mlangoni bila kukaa. "Mayu, Jumatatu wanakagua nyumba zote za kota," alimwambia mama. "Wanasema kuna mali za ushirika ndani. Wametaja vitabu." Mama alikuwa anapepeta mchele. Mkono wake ulisimama, kisha ukaendelea. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nyuma yake. Nilitaka kusema ni mimi. Nikafungua mdomo, nikaomba maji.

Baba hakuishi nasi siku za kazi. Alikuwa mkulima, alikaa Nkololo na ng'ombe wake na mashamba, akija kwetu mwisho wa wiki kwa baiskeli. Ijumaa alipofika alikuwa ameshasikia. Hakuuliza habari wala hakunawa miguu. "Choma," alisema. Mama akamwambia kwamba alipewa. "Na nani?" Na meneja. "Meneja yuko kaburini. Alikuandikia?" Hakuandika. Baba alikaa chini, akavua kofia. Hakuwa mtu wa ukali, na ndiyo maana niliogopa. "Mke wangu, mtu anayetafuta mwizi hasomi. Atakuta vitabu vya kiwanda uvunguni kwako, atasema mota nayo umeichukua. Utalala mahabusu kwa ajili ya makaratasi ya Wazungu waliokwisha kufa?" Nje kuku walikuwa wanaingia bandani. Mama akasema, "Nikivichoma ndiyo nitakuwa nimeiba kweli." Baba akatoka, akasimama kando ya baiskeli yake mpaka chakula kikapoa.

Kulikuwa na shahidi mmoja tu duniani. Mzee Masanja ndiye aliyebeba boksi lile siku meneja alipolitoa. Jumamosi mchana mama alinishika mkono tukaenda kwake, nyumba ya mwisho kwenye safu yetu. Alitukaribisha vizuri, mkewe akatuletea viazi vikavu na karanga, lakini mama alipoeleza shida yake yule mzee alianza kutazama mikono yake. "Mayu, mimi mlinzi," alisema. "Mota imepotea mimi niko getini. Nikisema nilibeba boksi, wataniuliza nilibeba na nini kingine." Mama akamwambia hamlazimishi. "Sijakataa," akasema mzee. "Nasema unielewe." Tulikula viazi viwili viwili kwa heshima, tukaaga. Njiani mama alitembea haraka mno, nikawa nakimbia kidogo kila baada ya hatua chache ili nisiachwe, na kila nilipokimbia maneno yalinijia mdomoni, na kila tulipopunguza mwendo yalirudi. Jumapili kanisani niliahidi mambo mengi ambayo sikuyatimiza.

Jumatatu mama aliamka akavaa gauni lake la kazini, la bluu, akalipiga pasi ya mkaa. Akatoa vitabu vyote uvunguni, akafuta kila kimoja kwa kitambaa kikavu, akavipanga kwenye karai la kuogea. "Wewe beba hivi viwili," aliniambia. Sikuelewa tunakwenda wapi mpaka tulipokuwa tumeshafika katikati ya yadi. Wafanyakazi walikuwa wamekusanyika pale kungojea ukaguzi. Mashine zilikuwa zimezimwa. Mama alipita katikati yao, karai kichwani, shingo imenyooka, na mimi nyuma yake na vitabu viwili kifuani, nikisikia miguu yangu tu kwenye changarawe. Hakuna aliyesalimia. Aliingia ofisini bila kubisha kwa kuwa mlango ulikuwa wazi, akashusha karai juu ya meza ya mfilisi, juu ya makaratasi yake yote.

"Nimesikia mnatafuta vitabu," alisema. "Ndivyo hivi. Tisa nilipewa na meneja kwa mdomo, vilikuwa vya nyumba ya mainjinia. Vitano nimevitafuta mwenyewe. Mota sina. Andika umepokea."

Mfilisi alichukua kimoja, akakifungua katikati, akakisogeza mbali na macho kama wanavyofanya watu wenye miwani iliyosahauliwa. Alisoma kidogo huku midomo ikicheza. Akauliza nani anajua kwamba alipewa. Nilimwona mama akiuma shavu kwa ndani. Alikuwa anajua jina la kutaja, na watu wote waliojazana mlangoni walijua yupo mtu ambaye angetajwa, naye hakulitaja. Mfilisi akauliza tena, sauti ileile ya chini. Ndipo watu wa mlangoni wakasogea, na Mzee Masanja akaingia amevua kofia yake ya ulinzi. "Nilibeba mimi, bwana. Boksi moja. Vilikuwa tisa. Meneja alisimama palepale kwenye ngazi." Kisha akaongeza, "Kama ni kosa, basi tulikosa watu watatu, na mmoja hayupo."

Mfilisi aliweka kitabu chini. Alisema mtu aliyeiba mota asingevuka yadi mchana kweupe na karai kichwani. Aliandika hati kwa mkono wake, akatenga vitabu vitano akamrudishia mama. Tisa vilipigwa namba nyeupe kwenye ngozi, kwa kuwa mali ya ushirika ni mali ya ushirika mpaka iuzwe. Nyumba yetu haikukaguliwa. Mota haijapatikana mpaka leo. Mama na Mzee Masanja walipata barua za kuachishwa kazi siku moja na wenzao wote, si mapema wala si kwa aibu.

Vile tisa viliuzwa pamoja na mafaili mabovu kama karatasi chakavu, na mwezi mmoja baadaye baba alirudi kutoka stendi na karanga za kutafuna njiani, zimefungwa kwenye karatasi. Alipofika alikunjua ile karatasi, akaisogeza kwenye mwanga, akampa mama. S zake zilikuwa zimevaa kanzu. Mama alikimbia stendi na ndala miguuni. Muuza karanga alikuwa mama mmoja kutoka Lagangabilili, mchangamfu, ambaye alishangaa kuona mtu analia kwa sababu ya vifungashio. Wakakubaliana: tulimpelekea madaftari yetu yote ya miaka iliyopita na magazeti ya baba, akatupa rundo lake lililobaki. Alifurahi, akasema karatasi zetu ni laini zaidi, zile za mwanzo zilikuwa zinavunjika. Tulipata vitabu vinne vizima na kurasa zilizolegea nusu ya karai. Vingine vilikwisha kuliwa na abiria wa Mwanza na Maswa. Jioni ile baba ndiye aliyekaa na sindano ya kushonea magunia, akatoboa kurasa na kuzishona, akimuuliza mama kila mara kama huu ukurasa unafuata ule.

Leo Bariadi ni makao makuu ya mkoa. Jineri ile ina mwenye mali wake, mashine mpya, na ukuta usioruhusu mbuzi wala watoto. Michezo ile yote ya kuigiza mwanangu anaisoma kwenye simu, bila majalada, bila mwarobaini, na s zake zote fupi. Hakuna wa kuja kumkagua. Mama yupo Nkololo, macho yamechoka, na vile tisa vilivyobaki, vinne na vitano, viko kwenye sanduku la bati kando ya kitanda chake. Mwaka juzi nilipokwenda kumsalimia nilimweleza, nikiwa mtu mzima mwenye watoto watatu, kwamba ni mimi niliyesema shuleni.

"Najua," alisema. "Mwalimu wako alikuja stoo kunitafuta siku ileile. Alitaka kuazima kimoja."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, siku zile zote nilipokuwa natembea na siri ile.

"Ningekuambia, ungeacha kujibu maswali darasani."

Nilitoka nje nikasimama kidogo. Wanangu siku hizi wanasema kila kitu, mezani, barabarani, kwenye simu kwa watu wasiowajua, na mimi ndiye ninayewanyamazisha, kwa sababu nilijifunza mapema kwamba mdomo huponza kichwa. Nilikuwa nimejifunza nusu tu. Nilimpigia simu binti yangu mdogo palepale uani. Alianza kunisimulia habari ndefu ya mwalimu wao, ya ndani kabisa, ambayo kwa kawaida ningeikatiza. Nikamwacha aseme mpaka salio likaisha.