Mkono wa Kipimo

Walimwita Kipimo, na jina hilo hakujipa. Alipomwaga mbolea ya yurea kwenye majaruba ya mpunga, hakuna shina lililopata zaidi ya mwenzake, kwa hiyo kila mwenye mpunga uliopauka alimwita yeye. Mtu wa namna hiyo akikosea, atamwambia nani?

Alikosea kwa wema. Alfajiri moja alimwekea mbolea dada yake, mjane ambaye jaruba lake moja hulisha watoto watatu mwaka mzima. Hakumwambia, alitaka amfurahishe. Siku ya tatu akaenda kwake kunywa chai, akaona kuni zimefunikwa kwa mfuko mtupu wa yurea.

"Niliiweka mwenyewe wiki iliyopita," dada akasema. "Kila siku nikusumbue wewe tu, kaka?"

Kipimo akaweka kikombe chini, akaaga.

Yurea ikishaingia majini haionekani tena. Baada ya wiki mbili mpunga ulikolea kijani hadi kukaribia weusi, wapita njia wakausifu, na Kipimo akazidi kuogopa. Yurea ikizidi, mpunga hukua kwa pupa na kufyonza potashi, madini yanayoimarisha shina, hadi udongo unaishiwa, na shina hubaki laini. Aliinama akageuza majani ya chini. Kingo zake zilikuwa zimeungua. Akabonyeza shina, likabonyea.

Dawa ilikuwapo: kutoa maji, kutia potashi, kuomba upepo usije. Lakini lazima aseme kwanza. Eti Kipimo kazidisha! Mficha maradhi, kilio humfichua; msemo aliujua, na bado kila asubuhi alifika ukingoni, akatazama, akarudi na maneno yake mdomoni. Siku tisa nzima.

Ya kumi mawingu yalitanda, hofu ikaishinda aibu. Akamkuta dada shambani.

"Dada, nisamehe. Mbolea yako niliirudia mimi."

Dada akacheka. "Kumbe! Ndiyo maana mpunga umependeza hivi!" Kisha akamwangalia usoni. "Kwani ni vibaya?"

"Vibaya sana. Shina halina nguvu, upepo utaulaza wote. Tutoe maji sasa hivi."

Dada akakaa chini, palepale kwenye tope.

"Kaka, kila asubuhi nakuona unakuja kuutazama. Nikajua umeridhika. Jana niliongeza nusu mfuko wa yurea."

Upepo ukaanza. Mpunga ukainama wote upande mmoja, nao wakautazama kama utainuka.