Gorogoro Ijae Kwanza

Nakumbuka siku moja pale Dunga, kando ya ziwa, mwanangu, na mpaka leo nikiikumbuka masikio yangu hupata moto. Ilikuwa asubuhi, omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, zimetandazwa juu ya nyavu kuukuu zikauke, na mimi nimeketi nyuma ya fungu langu nikijiona malkia wa ufuo. Ndipo nikamwona mteja wangu, Mama Odhiambo, akija mbio mbio. Hakuwa na kikapu. Alikuwa amebeba gorogoro tupu, ule mkebe tunaopimia omena, na nilijua anachotaka kabla hajafungua mdomo.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, uelewe kwa nini niliogopa mkebe mtupu.

Nilikuwa nimeolewa majuzi nikitokea Asembo Bay, na wenyeji wakaniita Nyar Asembo, yaani binti wa Asembo. Dunga mgeni hapewi nafasi ya kuuzia hivi hivi. Lazima mmoja wa wenyeji amsimamie. Aliyenisimamia mimi ni Mama Akelo, mjane mzee, mkavu wa maneno, ambaye hata kicheko alikipima. Aliwaambia wenzake, "Huyu ni mtoto yangu. Akikosea, niulizeni mimi." Kisha akaniketisha ubavuni pake, akanifundisha kuondoa mchanga, kugeuza omena juani, na kupima: gorogoro ijae mpaka mdomoni, upanguse kwa mkono, halafu uweke kiganja kimoja juu.

Hicho kiganja ndicho nyongeza. Wewe unaijua hata kama hujawahi kuuza samaki. Mama mboga akishakufungia sukuma hukutupia majani mawili zaidi. Muuza maziwa naye humwaga tone la mwisho kwenye chupa yako. Siku hizi hata simu inakuambia umepata bonasi, ingawa hiyo mimi siiamini sana. Hakuna sheria inayodai nyongeza, lakini muuzaji asiyeongeza huitwa mkono wa birika, na wateja humpita kama hawamwoni.

Mimi nilitaka jina, na nililitaka haraka. Nikachukua jiwe nikagonga kitako cha gorogoro yangu, kikabonyea ndani. Machoni mkebe ulikuwa ule ule, lakini ulibeba pungufu. Halafu juu nikawa naongeza kwa mbwembwe, kiganja cha kwanza, cha pili, na kingine kidogo cha mtoto, huku nikitabasamu. Nilichokula chini kilikuwa kingi kuliko nilichotupa juu. Wanasema haba na haba hujaza kibaba. Mimi haba na haba nilikuwa nakipunguza cha wenzangu. Na walinishukuru! Waliniita Mama Nyongeza. Wateja wa Mama Akelo wakahamia kwangu mmoja mmoja, naye akawa ananitazama tu. Mwanangu, mzee akinyamaza usidhani amelala.

Sasa turudi kwa Mama Odhiambo. Alikuwa amenunua kwangu omena za matanga ya baba mkwe wake. Yeye ndiye aliyekabidhiwa chungu, na chakula kikaisha kabla wageni hawajamaliza kula.

"Wameniita mwizi," alisema, akiuweka mkebe mbele yangu. "Mbele ya waombolezaji. Wanasema nimeficha zingine nipelekee watu wa kwetu. Mume yangu haniongeleshi. Nyar Asembo, nipimie kwa hii gorogoro ya mama mkwe, nione."

Nikacheka kicheko cha uongo. Nikasema, "Ah, Mama, si nilikuongezea sana?"

"Pima," akasema Mama Akelo, bila kunitazama.

Wanawake waliokuwa wakigeuza omena waliacha kazi. Nikajaza mkebe wangu, nikaweka kiganja, cha pili, na cha tatu nikakifanya kikubwa. Nikamimina vyote kwenye gorogoro aliyokuja nayo Mama Odhiambo. Mdomo wa mkebe ule haukufikiwa. Pengo lilibaki pale, kila mtu akaliona.

"Nyar Asembo," Mama Akelo akaniuliza, "sasa nyongeza iko wapi?"

Ningalipewa shimo ningaliingia. Mama Akelo akachota kutoka fungu lake mwenyewe, akajaza mpaka mdomoni, akapangusa.

"Hii ni yake," akasema. Kisha akachota kiganja kimoja, akakiweka juu taratibu. "Na hii ndio yangu. Wewe ulikuwa unampea yake, halafu unangoja asante."

Wanawake wakaanza kupiga kelele, "Atoke! Ameharibu jina yetu!" Nami nilikuwa tayari nakusanya gunia langu. Lakini Mama Akelo akasimama. "Si nilisema niulizwe mimi? Basi niulizeni." Mmoja mmoja wakarudi kwenye omena zao. Aibu yangu aliibeba yeye, mwenye mvi, na hilo liliniuma kuliko kama angenichapa.

Hakuishia hapo. Alinishika mkono akanipeleka mpaka kwa wakwe wa Mama Odhiambo, na mkebe wangu nimeubeba mwenyewe. Nikasimama mbele ya wazee na waombolezaji, nikaugeuza waone kitako, nikasema, "Mwizi ni mimi." Nililia, sikufichi. Mama mkwe akamsogezea mke wa mwanawe kiti.

Tangu siku hiyo Mama Akelo alinipiga marufuku kuongeza. Niliuza kwa mkebe mpya, nikijaza na kupangusa, basi. Wateja waliponiambia "niongezee", nilijibu, "Bado sijaruhusiwa." Walinicheka, wengine wakaondoka. Mvua za masika zikaja zikapita. Kisha asubuhi moja Mama Odhiambo mwenyewe akaja, akaketi mbele yangu, akanyoosha kikapu. Nilijaza, nikapangusa, nikasita.

"Mwongezee," akasema Mama Akelo.

Nikachota kiganja kimoja, nikakiweka juu, omena zingine zikaanguka mchangani. Mama Odhiambo akaziokota moja moja, akaziweka kwenye kikapu chake.

Mwanangu, ndiyo nasaha yangu. Kabla hujamwongezea mtu, hakikisha umempa kilicho chake. Ukimpunja mfanyakazi mwaka mzima, usijisifu kwa zawadi ya Krismasi. Ukiwanyima watoto wako karo, usishangiliwe kwa mchango wa harambee. Na anayekupa kwa mbwembwe, mshukuru, lakini angalia pia kitako cha mkebe wake.

Nenda sasa, jua linapanda. Mungu akujalie mkono usiopunguza cha mtu. Gorogoro yako ijae mpaka mdomoni kwa haki, ndipo Yeye mwenyewe akuwekee kiganja chake juu.