Samli ya Mama na Visigino vya Upande wa Baba

Watu wa upande wa baba yangu huota vinundu vigumu nyuma ya visigino, na tulivihesabu kuwa alama ya ukoo. Mdogo wangu alipoota vya kwake, shangazi zetu walipiga vigelegele. "Huyu ni wetu kabisa!" Mimi sikuota. Nilimwonea wivu.

Baba alikuwa navyo. Alianguka na kufa shambani, Misungwi, mwaka mmoja baada ya kuhamia kijiji cha ujamaa, akiwa bado kijana. Alikuwa mwembamba, kwa hiyo mama alimwekea samli katika kila mlo, ili apate mwili. Mama mwenyewe aliila samli hiyohiyo, akanenepa, na hakuugua hata siku moja.

Nilikuwa nasomea ualimu Butimba mdogo wangu alipoanza kubanwa kifua kila akipanda kilima. Nilimpeleka hospitali mjini. Daktari alimpima kifua, kisha akamvua viatu, akavishika visigino vyake na kuuliza baba yetu alikufaje. Tulimwambia alivyoanguka shambani.

Alitueleza kwamba vile vinundu ni mafuta ya damu, haya ambayo siku hizi tunayaita lehemu. Mdogo wangu alirithi kwa baba mwili usioweza kuyaondoa vizuri, na samli ikayazidisha. Mama alizaliwa na mwili unaoyamudu.

"Urithi hatuwezi kuubadili," alisema. "Samli mnaweza kuiacha. Haitamponya, ila itampunguzia hatari."

Tulirudi kijijini, mimi nimevimba kwa hasira. Kabla sijasema neno, mama alikuwa amekwisha kumpakulia mwanawe ugali, na samli inayeyuka juu ya bakuli la mboga. Nililinyakua lile bakuli mikononi mwa mdogo wangu, nikaeleza yote kwa sauti ya darasani, kana kwamba mama yangu ni mtoto mtoro.

Alinisikiliza hadi mwisho, upawa mkononi.

"Kwa hiyo baba yenu nilimuua mimi?"

Jibu nilikuwa nalo. Baba alizaliwa na ugonjwa wake, na hakuna aliyejua. Lakini nilikuwa nimemlilia baba miaka mingi bila wa kumlaumu, na Mungu anisamehe, nilinyamaza.

"Hapana, mama," mdogo wangu alisema. "Si wewe."

Mama hakugeuka kumtazama. Alikuwa ananisubiri mimi, niliyesoma.