Nilivyokataa uenyekiti wa msikiti kwa heshima, wakanikubalia

Wakuu, salaam. Wadogo zangu, marahaba hata kabla hamjaniamkia. Haya yamenipata mimi mwenyewe hapa Kondoa, na shahidi yumo ndani anakaanga vitunguu sasa hivi.

Shule niliishia la nne. Alizeti nilianza kuibeba kwa baiskeli, leo mashine ya kukamua mafuta ni yangu. Sikubebwa na mtu. Anayetaka kunisahihisha herufi apite mbali.

Na nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya msikiti wetu. Tangu lini? Hata mnara haujajengwa.

Mwaka jana tukaitwa semina Dodoma mjini, mimi na imamu wetu. Kiyoyozi mpaka tunatetemeka.

Mtoa mada alikuwa dada mmoja msomi, kajistiri vizuri, kazi yake kuhimiza demokrasia na mageuzi kwenye nchi za Kiarabu na jamii za Kiislamu. Akasimulia watawala wa huko. Mtu yuko madarakani mpaka nywele anapaka rangi, ukimuuliza anasema wananchi hawataki aondoke.

Nilicheka mpaka kofia ikadondoka.

Dada akanigeukia. "Mzee wangu, na msikitini kwenu mlichagua lini mara ya mwisho?"

Nikamwambia, kwetu sisi, waumini hawataki niondoke.

Ukumbi ukalipuka. Mpaka basi linafika Kondoa imamu alikuwa bado anafuta machozi. Akasema, "Mzee, tufanye uchaguzi."

Nikasema tufanye! Nani wa kunishinda?

Sasa ambao si wa kwetu waelewe. Kwetu uongozi hauombwi, anayeuomba ndiye wa kwanza kunyimwa. Ukiulizwa unakataa. Watu wanakusihi, unakataa tena. Wakikulazimisha sana unashusha pumzi, "haya, basi, kwa kuwa ni ninyi." Ndiyo adabu.

Na kile kiti nilikitaka, sifichi. Sokoni wananiita Mwenyekiti, jina alilonipa baba wengi hawalijui.

Ijumaa baada ya swala, imamu akauliza, "Mzee wetu, unaendelea?"

Nikainamisha kichwa. "Hapana jamani. Nimechoka, tafuteni mwingine."

Nikasubiri wanisihi.

Nikaongeza, labda hawajasikia. "Sitaki kabisa."

Akasimama Rajabu, fundi cherehani. "Jamani, mzee kasema amechoka. Demokrasia ni kuheshimu kauli ya mtu. Tumuombee dua."

Wakainua mikono! Naombewa dua ya kuagwa, mzima wa afya! Na mimi naitikia amina, ungefanyaje?

Imamu akauliza nani anataka. Rajabu hata haya hana. "Mimi nataka. Wanawake wanatawadha juani, nitawawekea paa."

Nikasimama mpaka goti likalia. "Na mimi nataka!"

Sauti ikatoka nyuma ya pazia, upande wa wanawake, Mama Zubeda, mke wangu wa ndoa. "Nilijua! Huyu kila siku chakula changu anasema hataki, na sufuria naiosha tupu!"

Msikiti mzima kicheko. Nikajikaza. "Basi mke wangu, waambie wenzio wanichague."

"Paa tulikuomba Zubeda akiwa anatambaa. Sasa Zubeda ana watoto wake. Kaa chini, baba, upumzike."

Mikono ikanyooshwa. Kwa wanaume tulikabana koo. Nyuma ya pazia, wakuu, sikupata hata mkono wa kuazima.

Nilinuna. Nikawa naswali msikiti wa upande wa pili wa mji, mpaka nikachoka na ule mwendo.

Juzi nikarudi, kumbe kuna kikao. Nikakaa nyuma kama muumini wa kawaida. Nikanyoosha mkono. "Mwenyekiti, paa liko wapi?"

Rajabu akajifuta jasho. "Mzee wangu, mabati yako njiani."

"Yanatoka wapi, Uarabuni?"

Pazia likatikisika kwa vicheko. "Mbane hapohapo, Baba Zubeda!" Mwenye sauti kubwa kuliko wote ni yule yule aliyeninyima kura.

Miaka yote niliyokaa mbele, wanawake wale hawakuwahi kunishangilia hata mara moja.

Funzo langu ni hili: ukiulizwa unataka, jibu kweli, adabu utafanya kwingine. Na wewe unayeng'ang'ania kiti, huku nyuma kwenye maswali kuna raha hujaionja.

Haya, semeni na nyie. Msikitini au kanisani kwenu kamati ilichaguliwa lini? Na kama mwenyekiti ni wewe, usipite kimya kimya, tunakuona.